Injinia Alivyohamia Koridoni

Leo nimemwona injinia akilihukumu jengo asubuhi, mchana akalikimbilia.

Ni ile ofisi ya zamani ya serikali hapa Bariadi, yenye ukuta mrefu wa matofali ya matundu. Vyumba vinawekewa viyoyozi, kwa hiyo akaagiza fundi aanze kuyaziba matundu hayo kwa saruji.

"Ukuta huu umepitwa na wakati," alisema.

Mama Kulwa wa masjala hakukubali. Wananchi husubiri huduma kwenye benchi za koridoni, na hewa yao hupitia humo humo.

"Na hawa, Injinia, utawawekea kiyoyozi?"

Injinia akamwashiria fundi. Fundi akaanza, akaziba mistari mitatu ya kwanza.

Saa saba umeme ukakatika.

Chumba cha injinia kina dirisha jipya la kioo lisilofunguka. Dakika ya kumi na mbili (ndiyo, nilitazama saa) alitoka na kiti chake, shati limemganda mgongoni, akaketi koridoni kati ya wakulima wa pamba, pale upepo unapopita.

Mama Kulwa akapita na mafaili, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Umekuja kusubiri huduma?"

Benchi nzima ikacheka.

Sijui mengi kuhusu urithi wa majengo. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba aliyelichora hili alilijua jua la Simiyu.

Mwenye picha za zamani za jengo hili aziweke hapa chini.

Injinia aliishia kumwita fundi. "Zibua hiyo mistari mitatu kabla saruji haijakauka."

"Na umeme ukirudi?" akauliza Mama Kulwa.

"Utaukuta ukuta wazi, mama."