Maji ya Chini ya Ziwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Mbinga, na sayansi ilinishinda zamani. Lakini safari ile ya Liuli, ufukweni mwa ziwa, nisingeikosa, kwa sababu ya mwenzangu anayefundisha baiolojia. Aliwaambia wanafunzi kwamba huenda humu humu duniani kuna viumbe wasiojulikana na mtu yeyote, kwa kuwa miili yao imejengwa kwa kemia tofauti kabisa na yetu. Darasa zima likacheka. Yeye akaomba basi la shule.

Mvuvi mmoja alituingiza ziwani kwa mtumbwi. Mwenzangu akashusha chupa iliyofungiwa jiwe, na kizibo chake kikiwa na kamba ya peke yake. Kamba ya chupa ilipokwisha, akavuta ile ya pili kung'oa kizibo, akangoja, akaivuta chupa.

"Mwalimu, mnatafuta nini huko?" mvuvi aliuliza.

"Sijui bado, kaka."

Mvuvi akanitazama mimi. Nikainamisha uso, nikicheka.

Kesho yake, maabarani, wanafunzi walipanga foleni kwenye hadubini. Mwenzangu alikuwa ametia rangi inayoshika viumbe wadogo ili waonekane. Ghafla binti mmoja akapiga kelele, "Madam! Kuna kinachong'aa, kinatembea, na rangi haijakishika!"

Pakawa hapakaliki. Nami nilichungulia: kitu chembamba, cha dhahabu, kikigeukageuka taratibu. Mwenzangu angeweza kabisa kutuacha na furaha yetu. Badala yake alilikausha lile tone, akalipasha moto, akalitia asidi. Kile kitu kiliacha kutembea, lakini umbo na mng'ao wake havikubadilika hata kidogo. Akachukua mchanga wa ufukweni uliobaki kwenye kiatu chake, akauweka chini ya hadubini. Humo mlikuwa na chembe zinazofanana na kile kitu.

"Ni ulanga," alisema kwa sauti ya kawaida. "Chembe ya jiwe. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiisukuma."

Darasa likanywea. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye dakika ile.

"Kwa hiyo hawapo, Madam?" binti aliuliza.

"Hatujawaona. Vipimo vyetu vinatafuta viumbe wa aina yetu, na kule chini kabisa, kusikokuwa na oksijeni, kamba yetu haikufika."

Binti akafikiri kidogo.

"Naomba niangalie tone jingine."

Mwenzangu akamsogezea kiti.