Ko Moja, Pumzi Moja

Mama mdogo ana tabia moja iliyokuwa inanitia wazimu. Anagonga. Akikaa mezani anagonga kwa kidole, akisubiri maji yachemke anagonga sufuria kwa kijiko, na kazini ndiyo usiseme, anagonga bomba la chuma kwa nyundo ndogo toka tunafungua kazi mpaka tunafunga. Ko. Anangoja. Ko. Anangoja tena. Mtaa mzima wanamwita Mama Ko, na yeye anaitika bila kununa.

Kazi yetu ni kuchimba visima. Tuko watatu. Mama mdogo ndiye bosi, kazi aliichukua kwa mume wake siku mgongo wa yule mzee ulipogoma kabisa. Winchi ni mvuta kamba, jamaa mnene mwenye mikono kama mapaja, yeye ndiye anapandisha ndoo za udongo na kunishusha mimi. Mimi ndiye nashuka chini, kwa sababu ni mwembamba na, kwa maneno ya Winchi, sina kitu cha kuharibika kichwani.

Ngoja nikueleze tunavyochimba, usije ukapotea mbele. Tunaweka pete ya zege chini, pana kiasi cha mtu kukaa ndani na sururu fupi. Naingia, nachimba udongo chini ya ukingo wake, pete inashuka yenyewe kwa uzito. Ikishazama tunaweka nyingine juu yake, hivyo hivyo mpaka maji. Siri ni moja tu: chimba sawa pande zote. Ukila upande mmoja ukasahau mwingine, pete inalala, na ikilala wewe ndiye uko ndani.

Sasa lile bomba linaning'inia toka juu mpaka chini. Mama mdogo anagonga kule, mimi nasikia huku. Ko kumi, nahama upande. Ko kumi, nahama tena. Nikizunguka duara lote, pete imeshuka sawa.

Lakini yeye anasema hiyo ni nusu ya kazi ya ko. Nusu nyingine ni ya kichwa.

Kabla ya kuolewa alikuwa anaponda kokoto na wanawake wenzake, ishirini wamekaa mstari mmoja kwenye vumbi. Anasema aligundua kitu. Siku wakianza kugonga mbio mbio, saa nne haijafika wameshatukanana, huyu kaiba nyundo ya yule, yule kamsema huyu. Siku wakigonga taratibu, wote kwa pamoja, hata wenye kesi wanaanza kuchekeana. "Mkono ukikimbia, roho inaufuata," alikuwa akiniambia. Mimi nilikuwa namwitikia "ndiyo mama mdogo" huku naangalia pembeni. Kelele ni kelele tu, nilijua hivyo.

Siku ile tulikuwa tunachimba kwa mwalimu mmoja mstaafu, nyuma ya jiko lake. Tulikuwa tumefika futi thelathini na mbili na tulikuwa tumeingia kwenye tabaka la mchanga. Asubuhi, kabla sijashuka, nilimwomba mama mdogo kitu. Alikuwa amepata kazi nyingine mtaa wa pili, nikamwambia anipe mimi niisimamie, nitafute watu wangu.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Miaka mitatu nashuka shimoni."

"Miguu imeshuka. Hasira yako ndiyo bado iko juu. Inafika kazini kabla yako."

Winchi akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Hasira yake ina gari, yeye anatembea kwa miguu."

Mwalimu naye alikuwa kasimama pale na kikombe chake cha chai, akatabasamu. Yaani mbele ya mteja. Damu ilinichemka. Nilikaa kwenye ndoo, nikamwambia Winchi ashushe, na nilipofika chini nikatoa simu mfukoni, nikachomeka hedifoni masikioni na kuweka muziki. Muziki wenyewe ule wa kupigana, ngoma mbio mbio, sauti mpaka mwisho. Nikasema leo sigongewi na mtu.

Nilichimba kama nachimba kaburi la adui. Sururu ilikwenda na ngoma, ngoma ilikwenda na hasira, na kila wimbo ukiisha nilikuwa na hasira zaidi ya mwanzo. Nilikuwa najibu maneno kichwani, namjibu Winchi, namjibu mama mdogo, namjibu hata mwalimu na chai yake. Ko sikuisikia hata moja. Sikuhama. Nilikula upande mmoja tu, nikaula, nikaula.

Pete ikalala.

Haikupiga kelele. Niliona tu ukuta unanisogelea, halafu mguu wa kulia ukanaswa chini ya ukingo, na upande wa pili ukafunguka uwazi kama mdomo, mchanga ukaanza kumiminika. Uliingia kama unga unaomwagwa kwenye gunia. Magoti, mapaja, kiuno. Ulisimama juu kidogo ya kitovu. Juu yangu kulikuwa na pete kumi nyingine zimeshikwa na udongo tu, hazijakaa juu ya kitu. Zikiamua kushuka, hadithi hii angekusimulia mtu mwingine.

Nikang'oa hedifoni na kupiga ukelele. Nikauvuta mguu kwa nguvu zote, na kila nikivuta mchanga unashuka kidogo na kunibana zaidi. Nikitoa pumzi, tumbo linaingia ndani, mchanga unachukua ile nafasi. Hairudi. Nilianza kupumua kama mbwa wa mchana.

Halafu nikasikia. Ko.

Sauti ya mama mdogo ikashuka. "Unanisikia?"

"Nitoe huku, mama mdogo. Nitoe."

"Nitakutoa. Mguu unauhisi?"

"Umenaswa."

"Vidole vinacheza?"

Nikajaribu. Vilicheza. Nikamwambia.

"Basi hujavunjika. Sasa acha kuvuta. Ko moja, unavuta pumzi. Ko nyingine, unatoa. Usifanye kitu kingine chochote."

Sitakudanganya, nilimtukana moyoni. Mtu anazikwa, wewe unamgongea bomba? Lakini sikuwa na kitu kingine cha kushika mle ndani. Ko, nikavuta. Muda mrefu, nikadhani amesahau. Ko, nikatoa. Mara ya tano bado moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Mara ya kumi nikagundua nasubiri ko inayofuata. Nilikuwa sifikirii zile pete tena, nafikiria itakuja lini. Mara ya ishirini, moyo wenyewe ukaanza kukaa chini, taratibu, kama mtoto aliyechoka kulia. Mchanga ulikuwa umesimama. Mimi ndiye niliyekuwa nausukuma kwa kuhangaika kwangu.

Nikawasikia wanaongea juu. Winchi alitaka kushuka. Mama mdogo akamwambia, "Wewe ukiingia utaziba kisima tufukie watu wawili. Nashuka mimi. Wewe shika kamba." Akamuuliza mwalimu kama gari lake bovu lile lina jeki. Mwalimu akakimbia kuileta. Halafu mama mdogo akampa nyundo.

"Gonga kama nilivyokuwa nagonga. Usiache."

Akaanza kushuka kwenye ndoo, jeki na karai mapajani, ubao na magunia matupu kwapani. Na mwalimu akaanza kugonga.

Ko-ko-ko-ko-ko-ko.

Mzee wa watu alikuwa na hofu, na hofu yake yote ilipita kwenye nyundo, ikateremka kwenye bomba, ikanifikia. Naapa sikuamua. Kifua chenyewe kiliruka kikaifuata. Pumzi zikawa fupi fupi, macho yakaingia giza, na kabla sijajua nimeshauvuta mguu kama kichaa. Mchanga ukaporomoka tena. Ukafika chini ya mbavu. Pete ya juu ikalia, sauti ndogo, kama jino linalosagwa.

"Winchi, simama," mama mdogo akasema. Alikuwa ananing'inia katikati. Hakupaza sauti sana. "Mwalimu. Unafukuza mbuzi?"

"Mama, mikono inatetemeka," mwalimu akajibu kutoka juu. "Siwezi kuizuia."

Kimya. Ko hakuna. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko zile za mbio. Nilianza kusikia mchanga, chembe kwa chembe, unateremka nyuma ya zege.

"Mwalimu," mama mdogo akasema, "ulifundisha miaka mingapi?"

"Thelathini na saba."

"Imla ulikuwa unasomesha?"

"Kila Ijumaa."

"Basi somesha imla. Watoto wako mbele yako, wanaandika, kuna mmoja nyuma mzito wa mkono. Msubiri huyo. Neno moja, ko moja."

Mwalimu akakohoa. Halafu ikaja sauti nyingine kabisa, sauti ya darasani, ya mtu ambaye hana haraka na dunia.

"Kuku," akasema. Ko. "Amelala." Ko. "Chini." Ko. "Ya." Ko. "Meza."

Mimi shule niliikimbia kwa ajili ya imla. Sikudanganyi, niliruka dirisha. Lakini pale chini niliifuata neno kwa neno, kuku navuta, amelala natoa, na kila mara alipofika kwenye nukta alisubiri kidogo zaidi, mimi nami nikasubiri. Yule mzito wa mkono aliyekaa nyuma alikuwa mimi.

Mama mdogo akafika. Hakukanyaga mchanga, alibaki kwenye ndoo, akaning'iniza miguu. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu. Nilitegemea matusi.

"Mikono yako inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Basi usikae kama bwana harusi. Chota." Akanipa kopo la rangi. "Kila ko, kopo moja. Usichote mbili."

Nilichota upande wa mguu ulionaswa, kopo moja kwa ko moja, namwagia kwenye karai alilopakata. Karai likijaa analifunga kwenye kamba ndogo, watu wa jirani waliokuja mbio kwa ukelele wangu wanalivuta. Upande wa uwazi alisukuma ubao na magunia matupu, akaziba ule mdomo. Kuku amelala chini ya meza. Meza ina miguu minne. Mguu mmoja ni mbovu. Mwalimu alisoma imla ndefu kuliko zote alizowahi kusoma, na Winchi alikuwa kashika kamba hata hajikuni.

Tulipofika kwenye ukingo wa pete mama mdogo akatanguliza kipande cha ubao, akakalisha jeki juu yake. Akaanza kuzungusha. Na yeye alizungusha kwa ko. Ningekuwa mimi ningezungusha mbio nimalize. Pete ikanyanyuka upana wa kidole. Juu yetu zege likalia tena, mchanga ukanidondokea shingoni.

"Fundi," mama mdogo akaniambia. Hajawahi kuniita fundi. "Meza ina miguu mingapi?"

"Minne," nikasema.

"Mbovu ni mmoja. Utoe sasa. Taratibu."

Niliuvuta kwa ko tatu. Kiatu kikabaki. Mguu ukatoka.

Tulipanda mmoja mmoja, mimi kwanza, alikataa katakata kutangulia. Nilipofika juu Winchi alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi niliyokuwa nimeitunza kote kule. Alikuwa analia, na katikati ya kulia akasema, "Hasira yako imebaki chini au umepanda nayo?" Ndoo ikateremka, mama mdogo akapanda, akakanyaga ardhi, akasema, "Kazi imefungwa leo, pete hizi zing'olewe zote." Alisema vizuri kabisa, kama bosi.

Mwalimu alikuwa bado anagonga. Ilibidi Winchi amshike mkono.

Tukaingia jikoni kwa mwalimu. Mama mdogo akaletewa chai. Akakishika kikombe, na hapo ndipo nilipoona. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani. Akakiweka chini, mikono akaificha katikati ya magoti, na magoti nayo yakaanza. Meno yakagongana. Alijaribu kugonga meza kwa kidole, kidole kikakataa, kikaruka ruka tu bila mpango. Akanitazama. Miaka yote nilikuwa sijawahi kumwona na macho yale. Kumbe kule chini tulikuwa tunagongewa wote wawili, na juu hapa hakuna wa kumgongea yeye.

Nilikuwa na matope mpaka kwenye kope, mguu mmoja hauna kiatu. Nikachukua kijiko. Nikakaa mbele yake, nikagonga sufuria iliyokuwa mezani.

Ko. Ko. Ko.

"Unakimbia," akasema, meno yakigongana.

Nikapunguza. Nikamfikiria yule mtoto wa nyuma, mzito wa mkono. Nikamsubiri amalize neno lake.

Ko.

Akavuta pumzi.