Lori la Mohamedi na Mlango wa Bibi Fatu

Saa moja asubuhi, Ausi Mikidadi amelala kifudifudi katikati ya ua mtupu mjini Nachingwea. Jicho moja amelifumba. La pili amelikaza kwenye chupa ya dawa iliyolazwa juu ya ubao, maji yamejaa ndani, kiputo kimoja cha hewa kinacheza juu yake.

"Wewe, usinizibie mwanga!" anamfokea mwandishi wa habari hizi, kisha anacheka mwenyewe. "Kiputo kikikaa katikati, ardhi imelala sawa. Kikikimbilia pembeni, basi mvua ikinyesha maji yatakuja kukubishia hodi chumbani."

Kazi ya Ausi ni kupanga nyua. Anajua gari lilale wapi, maji yapite wapi, ua lipi lipandwe wapi, na watu wakanyage wapi wasiharibu vyote hivyo. Ana umri wa miaka thelathini na sita, na anaapa kwamba kutoka hapa hadi Ruangwa hakuna mwingine wa kazi hii. Nimeuliza sokoni, sikumpata wa kumpinga.

"Watu wanajenga nyumba kwanza, ndipo wanajiuliza watapita wapi," anasema. "Hapo ndipo wananiita."

Alitoka kwao Ruangwa mwaka 1947, siku zile kila kijana mwenye mikono miwili alikuwa akikimbilia mashamba ya karanga. Yeye alipewa kazi ya kuwashikia wapima ardhi fimbo, kwa shilingi moja na senti chache kwa siku. Alisimama juani toka asubuhi mpaka jioni, fimbo mkononi, macho kwa wapimaji.

"Walipima, wakapima, wakapima tena! Karanga zenyewe zikakataa kuota. Lakini kupima nilikujua," anasema. Kazi ile ilipofungwa miaka mitatu iliyopita, wenzake waliondoka na mablanketi na masufuria. Yeye aliondoka na chupa.

Siku hizi ua mmoja humpatia shilingi kumi na tano, na chakula cha mchana kwa mwenye nyumba. Anayetaka kumwona akiona haya, amtajie ua wa Kulthumu.

Kulthumu ni mjane, anauza maandazi sokoni. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya matofali ya vyumba viwili, na nyuma yake kijumba cha fito na udongo anamoishi mama yake, Bibi Fatu. Aliamua kuipangisha nyumba kubwa, mwenyewe ahamie uani kwa mama.

"Maandazi hayatulishi wawili," anasema Kulthumu. "Kaka alikuwa ameshasema, nikikosa mpangaji mpaka mwisho wa mwezi, anakuja kumchukua mama ampeleke Kilimarondo akalinde shamba. Alinde na nini? Macho yale hayaoni hata kuku akipita! Nguruwe pori watakula mihogo yote huku wakimsalimia."

Mpangaji alipatikana. Ni Mohamedi, dereva wa lori la mfanyabiashara wa korosho; mwenyewe ameoa Ruangwa. Sharti lake lilikuwa moja tu: lori lilale ndani ya ua, kwa kuwa tajiri wake hataki kusikia gari lake limelala barabarani.

Ausi akaitwa, akaambiwa fedha yote iliyopo ni shilingi thelathini na tano, ujira wake humo humo. Akalala na chupa yake. Mbele ya nyumba palikuwa na mwinuko, lakini nyuma, kando ya kijumba cha Bibi Fatu, ardhi ilikuwa imenyooka vizuri. Akamwaga changarawe ya korongoni, akabandika ukoka kwenye mteremko ushike udongo, akapanda mbaazi pembezoni. Pipa kuukuu alilikata vipande viwili akaweka maua.

"Ukoka ni bure, changarawe ni bure, nililipia mkokoteni tu," anasema. "Na mbaazi ni ua la mtu wa kipato kidogo. Leo unalitazama, kesho unalipika."

Lori lingesimama hatua nne kutoka mlangoni kwa Bibi Fatu. Ausi aliona hilo ni jambo jema, bibi angelilinda. "Nikajisifu," anakiri. "Nilijisifu sana, Mungu anisamehe."

Jumamosi Mohamedi akaja na mkewe, Mwanne, kuukagua ua. Lori likaingia, likasimama wima, halikuinama hata kidogo. Mwanne akateremka kwenda kumsalimu Bibi Fatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa wapi?"

Basi wakaulizana, kama wanavyoulizana wanawake wa huku. Mama yako nani? Bibi yako nani? Alizaliwa kijiji gani? Hawakufika mbali. Bibi yake Mwanne, mzaa mama, alikuwa tumbo moja na mama yake Bibi Fatu!

"Kumbe wewe ni mama yangu mdogo!" Mwanne akapiga kelele. Wakakumbatiana, Kulthumu akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Ndani ya lori, Mohamedi alisikia yote. Akazama chini ya usukani.

"Ingekuwa ni bibi yake Mwanne, wala si neno, wangetaniana mpaka jua lizame," Ausi anaeleza. "Lakini mama wa mkeo, awe mkubwa awe mdogo, ni mkwe. Mkwe humtazami usoni. Huli mbele yake. Ukimwona njiani, unaingia kichakani."

Mohamedi alilitoa lori kinyumenyume, kichwa kimeinama, akagonga pipa moja la maua. Huko nje akamshika Ausi mkono.

"Nyumba nzuri, fundi. Ua mzuri. Ila nitalazaje lori mlangoni kwa mkwe? Kila alfajiri nimtokee mama wa watu nina mswaki mdomoni? Haiwezekani. Jumatatu nakwenda kutazama nyumba nyingine."

Kulthumu alikaa kizingitini akalia. Undugu umepatikana, mpangaji amepotea, yote saa ile ile. Ausi anasema roho ilimuuma sana, maana kosa lilikuwa lake: alipima kila kitu isipokuwa watu.

Jumapili alirudi bila kuitwa. Akapima mbele, akapima ubavuni. Kuukata ule mwinuko kungetaka vibarua watatu na siku kumi, na senti hazikuwapo. Jua lilikuwa limefika utosini Bibi Fatu alipomwita.

"We fundi, unatafuta nini tangu asubuhi?"

"Natafuta pa kuhamishia lori, mama."

"Hilo lori ni zito?"

"Zito mno, mama."

"Na mlango wangu?"

Ausi akautazama ukuta wa fito na udongo, ambao mtu huutoboa kwa jembe kabla chai haijapoa.

"Mlango huu sikuupenda tangu siku ya kwanza," Bibi Fatu akaendelea. "Unatazama ukuta wa jirani. Lakini ulikuja na chupa yako, ukalala, ukaamka, hukuniuliza."

Kabla ya magharibi mlango wa zamani ulikuwa umezibwa kwa fito na udongo mbichi, na mpya umetobolewa upande wa pili, unaotazama jiko na mbaazi. Kulthumu alichota maji. Mwanne alipopata habari alikuja mbio, akakandika nyumba ya mama yake mdogo mpaka udongo ukamfika masikioni.

Jumatatu Mohamedi akapiga honi mara mbili langoni, kama Ausi alivyomwelekeza, akaingiza lori, akazima. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta mbichi.

"Mkwe, umefika salama?"

Mohamedi akainamisha macho, ingawa kulikuwa na ukuta mzima kati yao. "Nimefika salama, mama."

Kaka wa Kilimarondo alikuja kweli mwisho wa mwezi. Alikula maandazi saba, akarudi peke yake.

Tangu hapo Ausi halali chini na chupa kabla ya kuuliza nani anaishi humo, na nani ni mkwe wa nani. Sasa ana kiwanja chake mwenyewe. Akijaliwa, baada ya masika atajenga, na uani ataweka kijumba cha mama mkwe wake, ajuza aliye peke yake huko Mnero. Ni miaka kumi na mmoja tangu aoe, na hajawahi kumwona uso.

"Nilimtuma mke wangu akamwulize mlango wake utazame wapi," anasema, akipangusa vumbi kifuani. "Jibu limekuja juzi. Amesema mlango niuweke nitakako. Ila dirisha liwe upande ninaoegemeza baiskeli, apate kusikia nimerudi."