Bolti Nne za Absalom Wekoye

Babangu, Absalom Wekoye, alifanya kazi miaka minane katika gereji moja ya Kitale, na kila aliporudi nyumbani kwetu Cheptais watu walimwita fundi. Yeye hakukubali wala hakukataa. Alitabasamu tu, akapokea kiti. Nampenda sana babangu, lakini kwa kutabasamu badala ya kujibu hana mwenzake.

Ukweli ni kwamba gereji ile alikuwa akiifagia. Alifagia, akachota maji, akafungua lango na kulifunga. Spana alizishika wakati wa kuzipanga rafuni tu.

Mwaka wa 1953, dada yangu Lenah akiwa mdogo na mimi sijazaliwa, mwenye gereji alimpa pikipiki iliyoachwa pale na mlowezi mmoja ambaye hakurudi kuichukua. Ilikuwa imekufa. Baba akaipakia kwenye lori la mahindi mpaka nyumbani, akatangaza kwamba Jumapili ya wiki ile atampeleka mamangu, Nakhungu, kwao Sirisia kwa ubatizo wa mtoto wa kaka yake, na watakwenda kwa injini.

Ijumaa akaifungua yote uani, juu ya magunia. Majirani walikuja na vigoda vyao. Jumamosi akaifunga, akijikumbusha kwa sauti mambo aliyowahi kuwaona mafundi wakifanya, na alasiri, kwa muujiza ambao hata yeye hajaueleza hadi leo, ikanguruma. Kuku walikimbilia mashamba ya watu. Mzee Kipketer, jirani yetu, alivua kofia.

Kisha baba akainua gunia alikung'ute, akakuta bolti nne. Tatu zilikuwa ndogo. Ya nne ilikuwa nene kama kidole gumba, na bolti ya namna hiyo haitengenezwi kwa ajili ya mapambo.

"Hizo ni za nini?" Kipketer akauliza.

"Hiyo ni spea, bana. Wazungu huwa wanaweka ya akiba."

"Hata hiyo kubwa?"

"Hiyo ndio spea kabisa."

Akazitia mfukoni mwa koti. Watu walipoondoka alilala chali chini ya pikipiki akitafuta matundu matupu, mpaka giza likamfukuza. Hakuona hata moja. Angeweza kusema safari imevunjika, lakini angeulizwa sababu, na sababu ingeanzia miaka minane nyuma.

Jumapili asubuhi mama alitoka na gauni lake la kanisani, kuku wa zawadi kwapani. Majirani walijipanga njiani. Baba akaiwasha. Mama akapanda nyuma, akamshika kiunoni kwa mkono mmoja, na ule mkono ukaangukia mfuko wa koti. Akazipapasa zile bolti, moja moja. Alimshika tu kwa nguvu zaidi.

Mbele yao palikuwa na mteremko, mawe matupu, na mto chini kabisa. Baba anasema aliutazama, na hofu iliyomshika haikuwa ya kujihofia mwenyewe. Akazima injini.

"Shuka, mama Lenah," akasema. Kisha akawageukia watu, akaitoa ile bolti nene mfukoni. "Mimi si fundi. Huko Kitale nilikuwa nafagia. Hii bolti sijui ilitoka wapi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Kipketer hakucheka. Aliisukuma pikipiki mpaka kando ya ghala bila kuombwa.

Basi wakaenda kwa miguu, baba amebeba kuku. Wakashuka mteremko, wakavuka mto. Kicheko cha majirani hakikumuuma sana. Aibu yake yote ilikuwa kwa huyu aliyetembea naye.

"Utaambia nini watu wenu?" akauliza mwishowe. "Ati bwana yako ni wa ufagio?"

"Si nilijua kitambo, baba Lenah. Tangu likizo ya kwanza. Fundi gani anakuja nyumbani na kucha safi hivyo?"

Baba akasimama katikati ya njia, akiitazama mikono yake.

"Na bolti? Si ulizishika pale mfukoni?"

"Nilishika."

"Na ukakaa tu, mteremko uko hapo mbele?"

Mama akamchukua kuku mikononi mwake, akaendelea kutembea.

"Nilikaa kwa sababu nilijua utazima," akasema.