Keki ya Siku ya Wanajeshi

Nchi hii haiwezi kumaliza mwezi bila kujipigia makofi. Nasema hivyo kwa sababu nimekaa hapa miaka ya kutosha, na kazi yangu ni kuendesha foklifti kwenye ghala moja huko Eagan, ambako sherehe zote za Amerika hushushwa kutoka kabatini zikiwa ndani ya maboksi ya plastiki. Kila boksi limeandikwa mwezi wake. Shefu wetu, yaani mkubwa wa kazi, mzungu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, hulifungua, hutundika vikorokoro kwenye ukuta wa chumba cha kulia, hununua keki, kisha hutukusanya tumsikilize katika muda wetu wenyewe wa kupumzika. Akimaliza tunarudi kazini tukiwa na krimu mdomoni. Mwezi ukiisha vikorokoro vinarudi kwenye boksi. Mizigo ya wateja tunaivunja kila siku, lakini zile bendera za karatasi sijaona hata moja iliyochanika.

Januari wanamkumbuka mhubiri ambaye walimpiga risasi wenyewe. Februari ni mwezi wa historia ya watu weusi, na mwaka wangu wa kwanza shefu alinifuata huku anachekelea, akaniomba niseme maneno machache mbele ya wenzangu. Mimi! Mimi niliyeletwa na ndege juzi tu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nisimulie mambo ya mashamba ya pamba? Nikamwambia mimi ni Mkongo. Akasema, vizuri zaidi. Jamani! Kuna mwenzetu mmoja, Mmarekani mweusi wa hapahapa Minneapolis, alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Mwezi mwingine walitaka kila mtu alete chakula cha kwao, eti tufurahie tofauti zetu. Nikaamka alfajiri nikapika sombe, yale majani ya muhogo, nikaitia mawese na samaki, nyumba nzima ikanukia. Walichota kwa ncha ya uma kama wanaonja dawa, wakaniambia kinavutia. Chakula kinavutia? Chakula kinaliwa! Nilirudi na sufuria yangu imejaa vilevile, na kile walichokimaliza kilikuwa biskuti za dukani. Usiniulize habari za Septemba, maana siku yao ya wafanyakazi ndiyo siku ambayo sisi wafanyakazi tunavunjika mgongo, kwa kuwa wote walio nyumbani wanaagiza vitu.

Mama yangu, ambaye naishi naye kwenye fleti ya kupanga Richfield, hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Lakini kila akiniona nimerudi na kipande cha keki kwenye kikaratasi, anaweka mkono kiunoni na kuuliza, "Leo ni fete gani tena?" Namweleza ni sherehe gani, naye anacheka. Anasema watu hawa wana njaa ya sherehe. Ni fete moja tu iliyomshinda kucheka, nayo ni ile ya mwezi wa tano.

Nilimwambia ni siku ya kukumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Uso wake ukabadilika. Akazima jiko, akafunga kitambaa kichwani, akakaa mbele ya televisheni kuona wazungu wanavyowalilia watu wao. Akangoja. Akaona bendera, akaona rais anatembea, akaona mtu anachoma soseji. Halafu likaja tangazo la magodoro, na jingine la magodoro, mwanamume anarukaruka juu yake na kupiga kelele kuhusu bei. Kila mwaka siku hiyo wanauza magodoro, sijui nani aliwaambia.

"Hawa wanauza matela kwa ajili ya wafu wao?" mama akauliza.

Nikasema ndiyo. Akazima televisheni, akaingia chumbani, akatoka jioni. Mimi nilijua sababu, na sasa nawaambia na ninyi.

Baba yangu alichukuliwa na askari wakati wa vita ya kwanza kule kwetu Kongo, jeshi la Zaire lilipokuwa linakimbia. Jeshi lile halikukimbia mikono mitupu. Walipita kwetu wakisomba redio, mbuzi, masufuria, na wanaume wa kuvibeba. Baba alitwikwa godoro la ofisa mmoja. Nilikuwa mdogo, lakini nalikumbuka lile godoro, la mistari ya bluu, limekunjwa na kufungwa kamba, na chini yake miguu ya baba ikipanda njia ya mlimani. Hakurudi.

Tangu hapo mama amekataa kukaa kilio. Kwetu mtu akifa, mjane anashuka chini kwenye mkeka, watu wanakuja, wanaimba, wanalala hapohapo, na siku ya mwisho anaambiwa ainuke aendelee kuishi. Mama alisema, atakaaje kilio cha mtu ambaye hakuna aliyemwonyesha alipolala? Kambini wachungaji walimsihi mpaka wakachoka. "Nionyesheni mahali," ndilo lilikuwa jibu lake. Mzungu wa shirika la wakimbizi alipomuuliza kama ni mjane, alijibu kwamba yeye ni mke wa mtu. Kanisani kwetu hapa wajane wana benchi lao na wimbo wao, naye hajawahi kulikalia. Hata kitandani analala upande mmoja tu, ule mwingine haugusi, na mimi nikitandika shuka huwa natamani kupiga kelele. Amezeeka hivyo, si mke wala si mjane, anangoja mahali.

Sasa kuna papa mmoja, baba mtu mzima, Mkongo kama sisi, mzee wa kanisa letu, anayekaa ghorofa ya chini katika jengo letu. Naye yuko kwenye ghala letu, anafunga maboksi. Hana gari, kwa hiyo mimi ndiye dereva wake. Ni mtu mpole, ananukia dawa ya kuchua misuli, na anaomba kabla ya kufunga mkanda kana kwamba naendesha vibaya. Jumapili nyingi amekula bugali mezani kwetu, mama akimwongezea mboga bila kuulizwa. Habari za zamani za kwao hakuwa anazisema, na sisi hatukuwa tunamuuliza. Sisi wakimbizi tuna adabu hiyo.

Ikafika Novemba, fete ya wanajeshi wa zamani. Boksi likashuka. Keki ilikuwa ya bendera, yenye krimu ya bluu inayoacha meno ya mtu kama ametafuna kalamu. Shefu akashika kikombe chake, akatengeneza ile sauti yake, akasema kama yupo kati yetu aliyewahi kuwa mwanajeshi, tafadhali asimame tumshukuru. Akasimama mzungu mmoja wa upande wa kupakia. Akasimama mama mmoja wa ofisini. Nikauma keki yangu.

Halafu papa akasimama.

Nilidhani anafuata maji. Kumbe amebananisha visigino, kifua mbele, mkono kwenye paji la uso, mgongo umenyooka namna ambayo sijawahi kuuona tangu nimjue. Wala msidhani hakuelewa Kiingereza. Alielewa sawasawa. Waliuliza nani alikuwa mwanajeshi, naye alikuwa mwanajeshi. Katika chumba kizima, na watu wote wale na elimu yao, hakuna hata mmoja aliyeuliza jeshi gani.

Shefu alifurahi mpaka masikio yakawa mekundu. Akambandika kibeji cha bendera kwenye sweta, akampa mkono, akamshukuru kwa kutulinda. Kumlinda nani? Askari wa kwetu hata sisi wenyewe hawakutulinda! Ghala zima likapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa sababu wote wakipiga unapiga, mikono inakwenda yenyewe.

Kwenye gari nilingoja mpaka tukaingia barabara kuu. Kibeji kiling'aa kila tulipopita taa.

"Papa, ulikuwa jeshi gani?"

"La Zaire, binti yangu. Zamani hizo."

"Na kwa nini ulisimama?"

"Waliuliza." Akakigusa kibeji kwa kidole. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia aksanti."

Mungu anisamehe, nilitaka kumshusha palepale kando ya barabara, kwenye theluji, na aksanti yake. Basi lipo, alipande. Badala yake nikaendesha mpaka nyumbani, nikazima gari, nikamwambia apande kwanza juu amsalimie mama. Alisita. Nafikiri alishajua.

Mama alikuwa anachambua maharage. Akatuona, akaona kile kidude kifuani.

"Karibuni. Leo ni fete gani tena?"

"Ya wanajeshi," nikasema.

"Na wewe, papa, wamekupa hicho kwa nini?"

Mama akaweka sinia chini taratibu. Nilitegemea apige kelele, mimi mwenyewe ningepiga. Lakini alivuta kiti akamwekea, akauliza kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi:

"Vita ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kijana, mama. Bunduki yangu haikuwa hata na risasi..."

"Sikuulizi risasi. Nakuuliza njia."

Papa akaangalia viatu vyake. Akasema walitoka mjini wakapanda milima, wakapita vijiji, na kati ya vijiji alivyovitaja kimoja kilikuwa chetu. Alikitaja kwa jina wanalolitumia wenyeji tu. Akasema baba yangu hamkumbuki. Godoro pia hakulikumbuka, akasema watu waliobeba vitu walikuwa wengi na yeye alikuwa anatembea mbele.

"Hao wabebaji," mama akasema. "Walipochoka?"

"Mama..."

"Walipochoka, papa. Mliwafanya nini?"

Kwa mara ya kwanza siku ile sikumdharau, nilimwogopa, yaani niliogopa atakachosema.

"Wengine walianguka. Wengine walipigwa. Hatukuzika mtu, mama. Sisi tulikuwa tunakimbia tu, aliyeanguka tulimruka. Kati ya wale waliopanda na sisi, mimi sikuona hata mmoja aliyefika upande wa pili."

"Ile njia ya kupanda?"

"Ileile."

"Basi yuko njiani," mama akasema.

Akasimama, akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika sakafuni kwenye zulia la mwenye nyumba, akashuka akakaa. Miaka yote ile, halafu akashuka tu hivi, na maharage yako pembeni. Papa alijaribu kunyanyuka aende zake, maskini, akiupapasa mlango. Mama akamwonyesha ukuta.

"Unakwenda wapi? Kaa chini. Wewe utakaa kilio hiki mpaka kiishe. Na hicho kitu toa."

Akakitoa. Vidole vilikuwa vinamshinda, ikabidi nimsaidie, na pini ikanichoma. Nikakiweka juu ya friji. Halafu mama akafungua mdomo akamwita baba kwa jina lake, kwa sauti kubwa hata jirani wa juu, mzungu asiyetusalimia, alishuka mwenyewe kugonga na kuuliza kama awapigie polisi. Nikamwambia hapana, tumefiwa. Akasema pole, akarudi juu haraka, na nyayo zake hatukuzisikia tena juu ya dari.

Wakaja watu wa kanisa na mikeka na masufuria na soda. Wajane walikuja na wimbo wao, wakamzunguka mama, na mmoja akamfunga kitambaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini leo. Papa alikaa chini karibu na mlango, mahali pa wanaume, ameinamisha kichwa, na kila aliyeingia alimpa pole na yeye pia, wakidhani ameguswa tu na msiba. Alizipokea zote. Alikuwa analia kuliko mimi.

Asubuhi nikampigia simu shefu. Ghala letu linatoa siku tatu kwa aliyefiwa na mzazi, imeandikwa ukutani, pale chini ya bendera. Nikamwambia nimefiwa na baba yangu, na yule papa pia hatakuja, yuko kwenye kilio hichohicho. Akavuta pumzi, akaichukua ile sauti yake ya siku za keki, akasema kampuni nzima iko pamoja nami. Nikamwacha amalize. Akasema samahani sana, ni jambo dogo tu, anahitaji kujua tarehe. Baba alifariki lini?

Nikamwangalia mama. Alikuwa amelala palepale kwenye mkeka, katikati, mikono ameinyoosha pande zote mbili.

"Jana," nikasema. "Wakati tunapiga makofi."