Mbio za Kentaki Nilizozitazama Edani

Nilikaa eda nyumbani kwa mama mkwe wangu huko Ibra, miaka ile kila paa lilipokuwa na dishi. Mume wangu alifariki kwa ajali ya gari njia ya Sur. Aliacha farasi jike mwekundu kwenye banda la uani, na kanda ya video aliyoirekodi mwenyewe Kentaki, Marekani, alikopelekwa kusoma na serikali.

Kutoka, hapana. Manukato, hapana. Kuonana na mwanamume asiye maharimu wangu, hapana. Kutwa nilimsikia farasi akipiga mlango wa banda kwa kwato, maana hakuna aliyempanda tena.

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri mama mkwe aliniita. "Njoo, mwanangu, tumsikilize mwenzio."

Sura ya mume wangu haikuwamo kwenye kanda. Alishika kamera yeye, akimwelezea mama yake kwa Kiswahili, na mama akimjibu kama vile yuko chumbani.

"Mama, mbio hizi ni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Zina zaidi ya miaka mia na hazijakosa mwaka hata mmoja."

"Ehe, baba."

"Farasi wote wana miaka mitatu. Akishapita umri huo, basi. Ana nafasi moja tu maishani."

Wakapita wanawake na kofia zenye maua, pana kama sinia. "Loo! Watapitaje mlangoni hawa?" mama akasema. Wengine walishika vikombe.

"Hiyo ni pombe yao, wanaitia nanaa. Mimi sinywi, mama."

"Alhamdulillahi."

Kisha akaeleza kwamba hapo mwanzo wapanda farasi wengi walikuwa watu weusi, watoto wa watumwa. Aliyeshinda mbio za kwanza kabisa alikuwa mmoja wao. Baadaye wakatolewa kidogo kidogo, mpaka wakawa hawaonekani.

Mama mkwe alikimbia Unguja wakati wa mapinduzi, akaja nchi ya mababu zake na furushi moja la nguo. "Ndivyo watu wanavyotolewa," akasema. "Wewe unajiona uko kwako."

Umati ukasimama kuimba wimbo wa jimbo lao, wengine wakilia. Farasi wakaachiwa. Dakika mbili tu, na mume wangu akipiga kelele muda wote. Kamera ikaonyesha mbingu na migongo ya watu. Mwisho wa mbio hatukuuona hata siku moja. Tuliona tu mshindi amefunikwa shuka la mawaridi mekundu.

Siku moja shemeji yangu akasimama nje ya mlango wangu.

"Shemeji, farasi ataharibika bandani. Nampeleka Samad, kwenye ardha."

Kwenye ardha, maonyesho yetu ya farasi, hukimbizwa wawili wawili, bega kwa bega, wapandaji wameshikana mikono. Hakuna mshindi.

"Ngoja nimalize eda," nikasema.

"Farasi hangoji eda, shemeji."

Alisema kweli, na kweli ile iliniuma. Walipomtoa alikataa kupanda pikapu. Akakata kamba, akauzunguka ua mbio, ukuta hadi ukuta, asione pa kutokea. Nilikuwa dirishani. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo la mlango, mama mkwe akaushika.

"Wanaume wako nje, mwanangu."

Hata kumwita sikuweza. Nikasikia pikapu ikiondoka, kisha ua ukawa kimya, na kimya kile kilinibana kuliko kelele za kwato.

Eda ilipokwisha walinipeleka Samad kumtazama. Alikimbia vizuri sana ubavuni mwa farasi mweusi. Nilimwita alipopita, hakugeuza hata sikio.

Baba yangu akaja kutoka Nizwa kunichukua. Mizigo yangu ilikuwa tayari garini nilipoingia kumuaga mama mkwe. Alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa, kanda mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mashine hii mimi sijui kuiwasha."

Nikatoka kumwambia baba ateremshe mizigo. Nilikaa Ibra mpaka nikamzika mama mkwe.