Zawadi ya Kufumuliwa

Redio ya nyumbani kwa wakwe zangu ilikuwa na sweta. Chupa ya chai nayo ilikuwa na sweta, tena lenye kola. Baba mkwe alikuwa nayo matatu. Mawifi zangu wawili, kila mmoja alikuwa na la kwendea kanisani na la kukatia majani ya ng'ombe. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, hakuthubutu kupanda mlimani kwao bila kuvaa lile la kijivu lenye mistari kifuani, maana mama yake angeuliza liko wapi. Yote yalikuwa kazi ya mikono ya mama mkwe. Mimi nilikuwa na koti la dukani.

Mtu akiniambia sweta ni nguo tu, simbishii, kwa sababu najua hajawahi kuolewa mlimani. Krismasi yangu ya kwanza kule juu alipita mpiga picha, akatupanga mbele ya nyumba, migomba nyuma yetu. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Wote wamevaa kazi ya mama, mstari mzima, na mimi nimesimama mwishoni na koti langu la bluu kama mjumbe wa nyumba kumi aliyepitia kutoa salamu. Niliitazama picha ile wiki nzima na iliniuma.

Ni kweli sikuwa na haki ya kudai. Mimi ni Mpare, nimezaliwa Mabogini, chini kwenye joto, baba alihamia pale kulima mpunga, na kwetu sweta ni la mtoto mchanga siku ya kliniki. Halafu mume wangu alinioa kwa haraka. Mama yake alikuwa bado anauliza habari za ukoo wetu, sisi tukawa tumeshatoka bomani na cheti. Hakunikataa, ila hakupiga vigelegele. Alinipokea vizuri, akanipa chakula kizuri, na kwa majirani aliniita "mgeni wetu". Miezi ikapita, bado mgeni.

Nikasema, huyu mama nitamshinda kwa zawadi. Krismasi ile ile ya kwanza nilikuwa nimejiandaa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: anayependa masweta mpelekee sweta. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Moshi, nikaenda kwenye duka zuri, nikachukua sweta jipya kabisa, rangi ya maziwa, vifungo vya kung'aa, limo ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mama alilipokea kwa mikono miwili. "Aika, mwanangu," akasema, yaani asante. Kisha akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, akalikunja, akaenda kuliweka chumbani. Sikumwona amelivaa siku ile, wala kesho yake, wala siku tuliyoondoka. Nikamuuliza mume wangu, akasema mbona kapenda sana. Mwanaume akishakunywa mtori wa ndizi wa mama yake huona dunia nzima iko sawa.

Pasaka tukapanda tena. Nikakaribishwa sebuleni, nikakaa kwenye kiti cha baba mkwe, chenye mto mpya mnene. Nikauona umepasuka kidogo pembeni, nikaingiza kidole kuuziba, kikatoka na vipande vifupi vya uzi wa rangi ya maziwa. Nikavuta vingine, vingi tu. Nilikuwa nimeikalia zawadi yangu mwenyewe.

Sisi Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, na siku ile nilikuwa tayari kuifungua. Nikatoka nje nikaingia migombani, najifanya nakata majani. Wifi yangu mdogo akanifuata, akaniuliza kulikoni.

"Mama yenu amekatakata sweta langu amejazia mto!"

"Hajalikata, wifi," akasema, na alikuwa anajizuia kucheka. "Alilifumua. Likakatika lenyewe."

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko. Kwenye mparachichi kulikuwa na vitanzi vya uzi vimening'inizwa, vya kijani na vya bluu, vimelowa, kila kimoja kimefungiwa jiwe kwa chini ili uzi unyooke. Wifi akanieleza. Zamani mama alikuwa akipata uzi wa sufu kwa watu wa Tarakea waliokuwa wakivuka kwenda Kenya. Watu wale walizeeka, na uzi uliokuwa ukiuzwa mjini ulikuwa wa plastiki, unalia kwenye sindano, mama hautaki. Lakini mitumba ilipoanza kumiminika, akagundua kwamba kila sweta la mtumba ni uzi uliokaa vibaya. Anafumua, anafua, ananyoosha, anafuma upya. Masweta yote yale, kasoro la baba la zamani kabisa, yalikuwa yametokana na mitumba.

"Ukimpa mama sweta, umempa uzi," wifi akasema. "Lako sasa lilikuwa la mkasi."

Akavua la kwake, akachukua na fulana ya dukani iliyokuwa kwenye kamba, akanionyesha tofauti kwa ndani. Kuna masweta ambayo kiwanda hufuma kitambaa kikubwa, kikakikata kwa mkasi, kikashona kwa mashine ya ovaloki. Hapo kila mstari wa uzi umeshakatwa mwisho wake, ukivuta unapata vipande vya urefu wa kiganja. Na kuna yale yaliyofumwa kila upande kwa umbo lake, mgongo peke yake, mkono peke yake, kisha vikaunganishwa kwa uzi mmoja tu. Hayo ukikata ule uzi wa kuunganishia, kila kipande kinafumuka mpaka mwisho bila kukatika.

"Mama alikaa nalo kutwa, anavuta, linakatika," akasema. "Alisikitika kweli. Alisema uzi mzuri umeuawa."

Kesi yangu ikafia pale pale. Mama hakuwa amelidharau sweta langu, alikuwa ametaka kulitumia likamshinda. Lakini hasira haikuisha, iligeuka tu upande. Nikaapa kwamba Krismasi ijayo nitamletea mwanamke huyu kitu ambacho hatakiweka kwenye mto.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa soko la mitumba la Kiboriloni. Wanafunzi wakitoka na mimi natoka. Wenzangu waliinama kutafuta rangi na saizi, mimi nilikuwa nageuza nguo ndani nje, nasoma mishono. Wauzaji walinizoea. "Mwalimu, sweta linavaliwa kwa nje!" wakanitania, nami nikawajibu kwamba mimi nanunua la ndani. Nilijifunza kwa kukosea. Lenye ovaloki, weka chini. Lililofuliwa kwa maji ya moto likagandamana kama blanketi, weka chini. Lenye manyoya marefu, weka chini haraka, maana hayo hushikana yenyewe. Halafu kuna la kuchoma. Nilikuwa naomba kauzi kadogo kutoka ukingoni, nakawasha kwa kiberiti. Plastiki huyeyuka ikawa kashanga keusi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza blauzi alihamisha meza yake mbali na mimi, akiamini naloga biashara yake.

Jumamosi moja nikajaribu kufumua mwenyewe, kisweta cha mtoto. Mume wangu alirudi akanikuta sakafuni nimezungukwa na uzi shingoni, mguuni, kwenye mguu wa meza. Akauliza chakula kiko wapi. Nikamwambia kiko humu humu, atafute.

Mwezi wa kumi na moja lilifunguliwa belo la mitumba mbele yangu. Chini kabisa likatoka sweta la mwanaume, refu kupita kiasi, la jitu gani la Ulaya sijui, jekundu la kuiva, rangi ya buni siku ya kuchumwa. Viwiko vyote viwili vilikuwa vimeliwa. Tumboni kulikuwa na tundu la kuingia ngumi. Watu wakalirusha pembeni. Nikaligeuza. Kingo zilikuwa nzima kila upande, zimeunganishwa kwa uzi mmoja. Nikalichoma: nywele. Nikalikumbatia pale pale sokoni na tundu lake, na kama ningejua kupiga mluzi ningepiga.

Mume wangu alipoliona aliniomba, kwa upole wa mtu anayeogopa, angalau nilifumue kwanza, nipeleke madonge mazuri ya uzi kwenye mfuko mzuri. Nililifikiria hilo siku mbili. Ingekuwa salama zaidi, hata mtoto angeelewa ni zawadi. Lakini nilikuwa nimeviona vile vitanzi kwenye mparachichi, na nilijua kwamba aliyevifungia mawe alikuwa anafurahia kila hatua. Ningemfumulia, ningekuwa nimekula nusu ya zawadi yake. Nikalifua tu, nikalifunga kwenye gazeti.

Krismasi ikafika. Tulitoka kanisani, mbuzi alikuwa ameshachinjwa, baba mkwe ana kibuyu chake cha pombe ya mbege, na wifi yangu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Dar na vitenge viwili na seti ya vikombe vyenye maua. Mama akashukuru kwa kila kimoja. Nikatoa gazeti langu.

Alipolifungua, mikono ya lile sweta ilianguka mpaka sakafuni, na tundu likajitokeza mbele ya wote.

"Wifi!" akasema mkubwa. "Mtumba? Tena umetoboka? Siku ya Krismasi?"

Baba mkwe akatazama ndani ya kibuyu. Mume wangu akatazama dari. Mama akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, kutoka kwapani mpaka chini. Katikati kidole kikapunguza mwendo. Kikarudi juu, kikashuka tena. Akanyofoa kauzi kwenye tundu, akaenda nako jikoni. Aliporudi alikuwa ananusa vidole vyake.

"Nipeni wembe," akasema.

Akakata uzi wa bega, akauvuta, mkono mzima ukaachana na mwili. Akatafuta mwanzo wa uzi pale juu, akavuta. Ukaja. Akavuta tena, na sasa ukaanza kukimbia, mstari baada ya mstari, mwekundu, umejikunjakunja, unaanguka mapajani mwake na haukatiki. Tulipofika kwenye kiwiko ukakatika mara moja, akafunga fundo bila kuangalia, akaendelea. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo.

"Wewe, nyoosha mikono," akamwambia wifi mkubwa.

"Mama, nimevaa gauni jipya."

"Nimesema mikono, sijasema gauni."

Basi wifi yangu wa Dar akaketi kwenye kigoda na mikono mbele, akizungushiwa uzi wa mtumba uliotoboka. Mdogo akapewa mkono wa pili. Baba mkwe akaambiwa aweke kibuyu chini na akunje madonge. Majirani waliokuja kutoa salamu za sikukuu walipewa nyama na kitanzi kwa pamoja, na mzee mmoja wa kanisa, mwenye tai, alishika donge saa nzima akiogopa kuliangusha. Mimi nilikaa kwenye kiti nikala ndizi zangu. Sikusaidia hata kidogo. Niliwatazama wote wanavyofanyia kazi zawadi yangu, nikaomba niongezewe ndizi nyingine.

Sweta lilipobaki kola tu, mama akanigeukia.

"Nani alikufundisha kuchagua?"

"Ule mto, mama."

Akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga, na baba mkwe, ambaye alikuwa amekalia mto wenyewe, akacheka bila kujua kwa nini.

"Simama," akaniambia. "Geuka."

Nikageuka. Nikahisi uzi ukipita mgongoni kutoka bega hadi bega, kisha kutoka shingoni hadi kiunoni, na vidole vyake vikifunga fundo kila alipopima.

"Mama, huo ni wako. Nimekuletea wewe."

"Ni wangu, ndiyo. Changu nakifuma ninavyotaka. Inua mkono." Akapima mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Ulipoletwa hapa nilikuwa na hasira, mtoto wangu kuoa asinisubiri. Hasira nilikuwa nayo na uzi sikuwa nao. Sasa uzi ninao, na hasira sijui nimeiweka wapi. Usijitikise."

Sikujitikisa. Nilikuwa nimeelekea ukutani, wala hakuna aliyeona nilivyokuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, ila mume wangu.

Wifi mdogo aliniletea sweta shuleni mwezi wa pili, limefungwa kwenye gazeti. Lilikuwa na kola, mifuko miwili, na kifuani mistari kama ya mume wangu. Mabega yalinikaa sawasawa. Nilimaliza vipindi, nikaenda nalo moja kwa moja Mabogini, katikati ya mwezi ambao hata bata hujificha kivulini. Nilipita polepole kwenye tuta la mfereji, wanawake wakiacha kupalilia ili kunitazama, jasho likinitiririka mpaka kwenye viatu, nami nikawasalimia mmoja mmoja kwa majina. Mama yangu alinipokea mlangoni, akashika mkono wa sweta, akaugeuza, akautazama.

"Ni yeye amekufumia?"

"Ni yeye."

"Basi vua mwanangu, jua hili litakuangusha."

Nikamwambia sivui. Nikaketi, nikafunga kifungo cha juu, nikamwomba chai, tena ya moto.